Kitovu Kilielea

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike kwa majirani, nitamfupishia mwenyewe. Mimi ni Nabukeera, fundi cherehani wa Nyendo, nawashonea wake za watu gomesi, yale magauni yetu marefu ya mshipi. Nilizaa mtoto wa kiume, salama salimini. Maziwa yakaja, na nyuma ya maziwa ikaja sauti.

Ni sauti ya kike, inafanana na yangu nikiwa na mafua. Haina makelele. Kila nikimsogeza mtoto kwenye beseni la kuogea inaniambia, kwa upole kabisa, nimwachie humo humo. Nilipochoka kubishana nayo nilimdanganya mama mkwe kwamba nampeleka mtoto chanjo, kumbe nimekwenda kukaa kwenye benchi la chumba cha mwisho pale zahanati, chumba ambacho kila mtu Nyendo anajua ni cha watu gani. Mlango ukafunguka. Niliwaacha hapo, na wengine wenu mkanilaani kwa kuwaacha hapo.

Haya. Aliyetoka alikuwa Shangazi Bukirwa.

Huyu ni dada wa marehemu baba mkwe wangu. Katika ukoo wa mume wangu haitolewi mahari wala mtoto hapewi jina bila yeye. Akikohoa, wanaume wanavua kofia. Na sasa alikuwa anatoka kwenye chumba cha vichaa, mkononi ana fundo dogo la kitambaa, analisokomeza ndani ya mshipi wa gomesi. Gomesi yenyewe nilimshonea mimi.

Nikapiga magoti palepale sakafuni na mtoto kifuani. Shangazi wa mume haamkiwi ukiwa umesimama, hata mkikutana motoni.

"Unafanya nini hapa?" akauliza.

"Nimeleta mtoto chanjo, shangazi."

"Chanjo ni mlango wa kwanza."

"Nimepotea."

"Hata mimi nimekuja tu kumsalimia nesi. Mama yake nilisali naye."

Laiti tungeishia hapo tungekuwa waongo wawili wenye heshima zao. Lakini Sista Goretti, nesi wa chumba kile, ana moyo mzuri na sauti ya mnadani. Akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Bukirwa! Zile dawa usiziache ghafla kama mwaka jana, zitakurudisha kulekule! Na wewe wa mtoto mchanga, karibu, ingia."

Shangazi aliniangalia. Nami nikamwangalia. Kwenye benchi la chanjo akina mama walikuwa wameanza kugeuza shingo.

"Huyu anakwenda mlango wa kwanza," shangazi akasema. Akanishika kiwiko akaninyanyua. Mtoto hakuchanjwa wala mama hakuingia.

Tulitembea hadi njia panda, pale barabara moja inapoingia mtaani na nyingine inashuka kwetu nilikozaliwa, ng'ambo ya bonde la mafunjo, unavuka daraja la magogo. Siku hizo nilikuwa naiogopa ile njia kwa sababu ya maji. Nikaipa mgongo.

"Mimi ni miguu," shangazi akasema. "Inawaka moto. Ananipa dawa za miguu."

"Ndiyo, shangazi. Miguu."

"Na wewe ni nini?"

Sijui kilichonipata. Labda ni kwa kuwa nilikuwa nimeliona lile fundo. Nikamwambia yote, sauti na beseni na namna ninavyousingizia mgongo kila jioni ili mama mkwe amwogeshe mtoto badala yangu. Nililia mpaka mtoto naye akaanza.

Shangazi hakushtuka. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ndugu yake wa zamani.

"Inakuita kwa jina?"

"Inaniita."

Akafumba macho kidogo. "Yangu pia inaniita."

Wasomaji wangu, katika maisha yangu nimepewa zawadi nyingi, hata mume nilipewa na cherehani juu. Lakini hakuna zawadi iliyonigusa kama maneno yale. Nilitamani kumkumbatia katikati ya barabara.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi ufunge mdomo. Mimi wakijua watasema nimerogwa, au mizimu inanidai kuku. Nitaoga aibu, nitajifuta. Wewe umetoka kuzaa. Unajua watakavyokuita."

Nilijua. Kwetu Buganda mzazi akianza kuongea peke yake na kumkodolea mtoto macho hatuulizi anaumwa nini. Tunasema ana amakiro. Na amakiro hayaji kwa mbu wala kwa maji machafu. Yanaletwa na wanaume: mwanamke aliyetembea nje akiwa na mimba ndiye yanayempata, na dawa yake ni kuwataja hao wanaume kwa majina mbele ya watu. Yaani ugonjwa wenyewe ndio hukumu. Ukisema "naumwa" umeshasema "nilizini".

Nampijja wa mtaa wa nyuma yalimpata. Walimpokonya mtoto mikononi saa ileile, wakampeleka kwa bibi yake, halafu wakamkalisha uani ataje. Akataja hata watu waliokufa kabla hajavunja ungo, ili mradi wanyamaze. Siku hizi yupo, anauza nyanya, mzima kuliko mimi. Lakini akipita, watoto wanajificha na kupiga kelele, "Mla watoto!" Hata mimi niliwahi kumwambia alete kitambaa kesho, na kesho yake nikamwambia cherehani imeharibika.

Mnasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Ila hamkuongeza kwamba asiyeyaficha, watu humuumbua kabla kifo hakijafika.

"Sikiliza," shangazi akasema. "Jumamosi tunamtoa mtoto mbele ya ukoo, tupime kitovu chake majini. Kitovu kikielea, hakuna mdomo utakaokusema tena. Heshima yako itakuwa imepigwa muhuri. Hapo nitakuleta mwenyewe kwa Goretti, tuseme tunakwenda kuangalia kitambaa."

"Unaniahidi?"

"Mimi si mtoto."

Basi nikaishi kwa ahadi hiyo. Kila jioni mgongo uliniuma, na kila jioni mama mkwe alinicheka. Anaitwa Nnalongo kwa kuwa aliwahi kuzaa mapacha, na mwanamke aliyezaa mapacha kwetu anasema atakalo.

"Wewe msichana ulizaa au uliagiza dukani?" alikuwa akiniuliza huku akimzamisha mjukuu wake kwenye kyogero, yale maji ya majani ya bahati. "Mimi nilizaa wawili na nikalima kesho yake. Mgongo, mgongo! Mgongo wa nini, umebeba kanisa?"

Nilicheka naye. Nilikuwa nakaa mlangoni, mbali na beseni, nikimtazama akimsugua mtoto kwapani, nikishukuru Mungu kwa kila tusi.

Jumamosi ikafika, uani kwa shangazi, matoke yamefunikwa majani yanafuka moshi, ukoo umejaa mkekani. Nilikaa na miguu nimeikunjia upande mmoja, mtoto mapajani. Nikamkabidhi shangazi kile kipande cha kitovu kilichokauka, nilichokitunza kwenye kitambaa tangu kilipodondoka. Ni kazi ya mama kukitunza. Kikipotea, na yeye amepotea.

Shangazi akakipaka samli. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji yaliyochanganywa maziwa na pombe ya ndizi. Kikizama, mtoto si wa ukoo. Kikielea, ni damu yao.

Sikuwa na wasiwasi, maana sijawahi kumjua mwanamume mwingine, wala sikuwahi kuwa na muda. Lakini sauti iliniambia, "Kitazama. Na wewe utazama nacho." Nikajiona natokwa jasho. Nikaona mume wangu Mukalazi naye analiona lile jasho.

Shangazi akakidondosha.

Kikaelea. Kilizunguka pale juu kama mtumbwi usio na mtu, na wanawake wakapasua anga kwa vigelegele. Mukalazi akaruka na viatu vyake vya harusi. Nnalongo akanirushia mikono shingoni.

"Nilisema mimi! Pua hii angeipata wapi kama si kwa Mukalazi? Tazama pua, unaweza kulimia!"

Wakayataja majina ya babu zao, na mtoto aliponyamaza kulia kwenye jina la Kirabira, wakajua amelichagua. Kirabira alikuwa babu mzaa babu yake. Watu wakala, wakacheza, wakaniita mke wa kweli. Na mimi nikacheza. Nilijua Jumatatu nitakuwa kwa Sista Goretti.

Jumatatu nikavaa vizuri, nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shangazi, twende tukaangalie kitambaa."

Hakuinua kichwa. "Kitambaa gani?"

"Uliniahidi."

"Nabukeera, kitovu kimeelea. Sasa unataka kwenda kukizamisha?"

"Sielewi."

"Elewa. Ukionekana kwenye benchi lile leo, watu watasema ana amakiro. Watasema kumbe kitovu kilidanganya. Na kitovu kilikuwa mkononi mwa nani? Mwangu. Watauliza Bukirwa alikipaka nini. Watauliza na Bukirwa mwenyewe huwa anafuata nini kule."

"Lakini naumwa."

"Hata mimi. Naumwa tangu mumeo hajaota ndevu, na umeniona nimelala barabarani? Vumilia. Inachoka yenyewe."

"Na isipochoka?"

Akachukua ungo wake akaingia ndani. Nilisimama pale nikiwaza namna kitu kilichokuja kuniokoa kilivyonifungia mlango. Kabla kitovu hakijaelea nilikuwa mtuhumiwa, na mtuhumiwa angalau huchunguzwa. Sasa nilikuwa safi, na mwanamke safi haruhusiwi kuumwa.

Nikabaki na mtu mmoja. Mume wangu ni seremala, mpole, hajawahi kuninyanyulia hata sauti. Nilimfuata karakanani mchana, anapiga randa ubao wa kitanda cha maharusi.

"Baba Kirabira, nina neno."

"Sema mama, ila usikanyage gundi."

Nikalisema. Sikulipamba. Nilimwambia nasikia sauti, inataka nimdhuru mtoto, sitaki, naogopa, anipeleke kwenye wodi mjini wanitibu.

Randa ikasimama.

"Sauti gani? Redio ya jirani?"

"Ningependa iwe redio."

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, naye akaacha. Akaenda akafunga mlango wa karakana, akarudi, akaongea kwa kunong'ona utadhani sisi ni wezi.

"Una amakiro?"

"Naumwa, Mukalazi. Ni ugonjwa tu. Sista Goretti ana dawa zake."

"Goretti! Umeshakwenda kule? Nani kakuona?"

"Hakuna aliyeniona." Hata hapo nilimficha shangazi, mnaona ujinga wangu.

"Kitovu kilielea mbele ya ukoo mzima. Kama wewe ni mzima, kilielea kwa haki. Kama una hayo mambo yako, basi kilielea cha nani? Nieleze mimi seremala nisiyejua vitabu."

"Mtoto ni wako. Na mimi naumwa. Vyote viwili ni kweli."

"Haviwezi kuwa kweli vyote viwili."

Alisema bila hasira, na hicho ndicho kilichoniua. Alikuwa ananihurumia kwa kukosa hesabu.

"Nani ataniletea kazi, Nabukeera? Kitanda cha maharusi kitoke nyumba yenye mla watoto? Ni uchovu. Mama anakuharibu kwa kukufanyia kila kitu, umebaki kuwaza. Nitamwambia aende kwake upate shughuli. Kunywa chai ya maziwa ulale."

Ndivyo nilivyojikaanga kwa mafuta yangu. Niliomba msaada, nikaondolewa na ule mdogo niliokuwa nao.

Nnalongo hakubisha. Alikuwa ameshakumbuka mbuzi wake. Ijumaa alasiri mabegi yalikuwa barazani, na shangazi alikuja kumuaga wifi yake. Mukalazi alikuwa anamsubiri amsindikize. Uani kulikuwa na lile beseni, kyogero ndani, limefunikwa ungo.

"Leo hakuna mgongo," Nnalongo akasema. Akafunua ungo, akamvua mtoto nguo, akanipa. "Nimekuchemshia maji ya mwisho. Sitamwogesha mwingine mimi. Mwogeshe, nione mkono wako, niondoke na amani."

Nikampokea. Kirabira alikuwa mtupu na mzito na wa moto. Alikuwa ananusa shingo yangu akitafuta ziwa.

"Ondoka naye wasikuone," sauti ikasema. "Au subiri waende. Ni dakika tu."

Nnalongo alishafunga kitambaa kichwani. Mukalazi alishanyanyua begi. Nikatazama beseni, nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama paa la jirani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nampijja. Nilikumbuka kwamba jambo la kwanza kabisa walilofanya lilikuwa kumtoa mtoto mikononi mwake. Kabla ya maswali, kabla ya matusi. Ukweli nilikuwa nimeutembeza nyumba kwa nyumba na hakuna aliyeununua. Nikaamua niwauzie uongo wanaoujua.

"Nina amakiro," nikasema.

Begi likaanguka.

"Unasemaje?" Nnalongo akauliza.

"Nina amakiro, mama. Nilitembea nje nikiwa na mimba yake. Nichukulieni mtoto."

Wala hakuuliza mara ya pili. Nnalongo aliruka kutoka pale alipokuwa, pamoja na umri wake wote, akamnyakua mtoto, akamfunga kwenye kanga yake na kurudi nyuma hadi ukutani. Mikono yangu ikabaki mitupu. Wasomaji wangu, sijawahi kupumua vile tangu nizaliwe. Niliona maji ya lile beseni na yakawa ni maji tu. Laiti wangenichapa viboko siku ile ningewashukuru.

"Nani?" Mukalazi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kutaja ndiyo dawa, nami nilikuwa tayari. "Mtu mmoja aliyekuwa akileta vitambaa kutoka Kampala. Ssozi. Hayupo tena."

Hakuna Ssozi. Vitambaa nanunua kwa Mhindi, mzee wa miaka sabini.

"Nilijua," Mukalazi akasema. "Nililiona lile jasho." Akakaa juu ya begi la mama yake na kuanza kulia, mwanamume mzima, na machozi yale nilikuwa nimeyatengeneza mimi kwa mdomo wangu. Lakini nilisema moyoni, atalia, atanifukuza, na mwanangu atakua kwa bibi yake akitukanwa pua. Nilikubali. Nilikuwa nimepatana bei na nimekubali.

Nikasahau jambo moja tu, na ndilo ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelikumbuka.

"Na huyu," Mukalazi akasema, akimnyooshea kidole mtoto. "Huyu ni wa nani?"

"Wako! Kitovu si kilielea?"

"Kitovu ulikitunza wewe. Aliyeweza kuficha mwanamume atashindwa kuficha kipande cha ngozi? Ulichukua cha mtoto gani?"

"Mukalazi, tazama pua—"

"Acha pua!"

Nikaona mikono ya Nnalongo inalegea kwenye kanga. Hapo nikaelewa. Walimpokonya Nampijja mtoto kwa kuwa walijua ni wao. Wa kwangu nilikuwa nimewaambia, kwa kinywa changu, kwamba huenda si wao.

"Nimedanganya!" nikapiga kelele. "Hakuna Ssozi! Naumwa tu, nasikia sauti, nilitaka mumchukue mtoto asidhurike! Shangazi anajua! Muulizeni shangazi, nilimwambia kabla ya Jumamosi, njia panda!"

Wote wakamgeukia.

Shangazi Bukirwa alikuwa amesimama kando ya mlango. Mkono wake ulikwenda kwenye mshipi wa gomesi, pale ndani, ukakaa hapo. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Angesema, ni kweli, aliniambia, tulikutana zahanati. Mtoto angebaki, nami ningelala wodini usiku ule.

"Bukirwa?" Nnalongo akamuuliza. "Mlikutana wapi na huyu?"

Nilimwona anapima. Niliona heshima ya maisha yake yote upande mmoja, na upande wa pili mimi.

"Mimi na yeye tumekutana kwenye sherehe tu," akasema. "Amakiro ndivyo yalivyo. Yanasema hivi, yanageuka vile."

Nnalongo akaja. Alitembea polepole. Alimfunua mtoto kwenye kanga, akamtazama ile pua, akamfunika tena vizuri mpaka kichwani, kama anavyofanya akishamwogesha. Kisha akamweka mikononi mwangu.

"Mchukue."

"Mama, nakuomba. Mimi niondoe, yeye umbakize. Hata jikoni. Hata kwa mbuzi."

"Mwana wa watu si wa kwangu kumfuga. Nenda naye kwenu. Na jina liache hapa. Kirabira alikuwa na watu wake."

"Nnalongo, ukinipa mtoto huyu—"

"Nenda!" Alikuwa analia sasa, hasira na uchungu pamoja. "Nilikuogeshea! Mikono yangu hii!"

Nilitoka na kanga aliyofungiwa mtoto, na ndala zangu miguuni. Cherehani ilibaki ndani na gomesi ya mtu haijapigwa mikunjo. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua, na mtoto mmoja wa mtaa akajaribu lile neno, kwa sauti ndogo kwanza. Kisha wakaliimba wote.

Nilifika njia panda bila kujua nimefikaje. Nikasikia ndala zinakuja mbio nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa Shangazi Bukirwa, anahema, amekunja gomesi hadi magotini.

Nilijua amekuja kusema. Nilijua tu. Hata nilimnyooshea mtoto.

Akanisokomezea kitu kiganjani. Lile fundo la kitambaa.

"Kunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni," akasema. "Usimwambie mtu nimekupa. Hata mama yako."

"Shangazi, sitaki dawa. Mchukue mtoto. Leo tu. Hata kwa kujificha, mpeleke kwa Goretti."

"Wataniuliza kwa nini."

"Waambie ni mtoto wenu. Wewe unajua ni mtoto wenu, kitovu ulikidondosha wewe!"

Alimtazama. Alinyoosha kidole, akamgusa shavu, na kwa punje ya muda nilidhani mkono mzima utafuata. Ila barabarani kulikuwa na mtu anakuja na mkungu wa ndizi begani. Shangazi akateremsha gomesi yake, akaipiga vumbi.

"Haya mama, safari njema," akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na watu. Akarudi alikotoka, na mwenye ndizi akamvulia kofia kwa shida, akishika mkungu kwa mkono mmoja.

Fundo lile lilikuwa jepesi. Nilipolifungua nilikuta vidonge viwili, na kimoja kimevunjika. Alikuwa amebakiza vyake.

Mtoto akaamka, akaanza kunusa shingo yangu. Nikataka kumwita jina kumbembeleza, nikakumbuka hana.

Zahanati ilikuwa imeshafungwa. Nyuma kulikuwa na wimbo wa watoto. Kwa mama yangu si mbali, ukienda kwa miguu unafika kabla jua halijazama, ila hakuna njia nyingine ya kufika isipokuwa ile inayoshuka bondeni kwenye mafunjo, mpaka darajani.

"Twende basi," sauti ikaniambia, kwa upole wake uleule. "Mimi nitakuonyesha."

Nikamfunga mtoto kifuani kwa mafundo mawili, nikakaza, nikaongeza la tatu. Kisha nikaanza kushuka.